Mwanamke Niliyemwandika Kuwa Amepotea

Nianze na Annet, maana nikianza na mimi nitajipendelea.

Annet Khamala alikuwa mshonaji wa yunifomu za shule pale Laini Saba, Kibera. Kibanda chake kilikuwa karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita ilimbidi ashike kopo la vifungo lisianguke. Alikuwa na msichana mmoja, Beth, kwa hivyo sote tulimwita Mama Beth. Mdomo alikuwa nao. Mteja akileta kitambaa kisichomtosha mtoto, alimwuliza kama mtoto huyo atavaa kwa zamu, leo mkono na kesho mgongo. Lakini ukiwa na shida, yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Mama yangu alipolazwa nilikula kwake siku tisa mfululizo, na siku ya kumi akaniuliza kwa nini nimechelewa.

Sasa mimi. Naitwa Valary Nabwire. Nilisoma afya ya jamii chuo kikuu, nikavaa joho, nikapigwa picha, kisha nikakaa miaka miwili nyumbani nikiandika barua za kuomba kazi. Mwishowe nikapata kibarua cha usaidizi katika utafiti wa saratani ya mlango wa kizazi. Utafiti wenyewe ulikuwa na swali moja lililonikaa rohoni: ugonjwa ni ule ule, dawa ni ile ile, mbona wanawake wa mitaa kama yetu hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, na wa mitaa yenye lami huwahi? Aliyeongoza kazi hiyo ni Daktari Wangeci, mama mtulivu ambaye hajawahi kunipigia kelele. Ningekuwa na nafuu kama angekuwa mkali.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Mwanamke alipewa kijiti chenye pamba laini, akajisitiri, akajichukulia sampuli mwenyewe, akaturudishia. Sampuli ilipelekwa maabara kuangaliwa kama ina virusi vinavyoleta saratani hiyo. Rahisi kusema. Siku ya kwanza katika ukumbi wa kanisa walikuja wanawake ishirini, wakasikiliza vizuri, wakanywa soda, wakaenda zao. Mmoja alisema kijiti kitapotelea ndani. Mwingine alisema tunauza pamba hizo kwa wachawi.

Nilikwenda kumlalamikia Annet. Yeye alisikiliza huku mashine ikikimbia, kisha akaisimamisha. Alifunga leso mbili kwenye kona ya kibanda zikawa pazia, akachukua kijiti, akaingia. Alipotoka aliwaambia wateja waliokuwa wakisubiri kwamba kuzaa ndiko kugumu, na wote wameshazaa, kwa hivyo waache maringo. Kufikia jioni nilikuwa na sampuli kumi na nne. Na kila mmoja wa wale wanawake nilimwambia maneno niliyofundishwa: kama kuna shida, tutakupigia simu.

Mwezi uliofuata vibanda vya kando ya reli vikatiwa alama ya rangi nyekundu, na wiki mbili baadaye vikabomolewa. Annet na mumewe Isaac, fundi wa mjengo, wakabeba mashine na kitanda wakahamia Kawangware, upande wa Riruta, kwenye ploti ya mzee mmoja anayeitwa Kagiri. Katika ile pilkapilka simu ya Annet ikatumbukia mtaroni. Akanunua nyingine, na laini nyingine.

Haya yote niliyajua. Niliyajua kwa sababu mimi ni katibu wa chama chetu cha matanga.

Kila mtu aliyetoka Western akaja Nairobi kutafuta riziki ana chama cha namna hiyo. Mtu akifa huku, hazikwi huku. Lazima apelekwe nyumbani, na safari ya maiti ni ndefu, kwa hivyo tunajipanga mapema. Sheria yetu kubwa ni moja: ukihama, utoe habari mkutano unaofuata, bila kukosa, ili siku yako ikifika tujue mlango wa kubisha. Mtu anaweza kumficha mwenye nyumba anakohamia, anaweza kumficha mdai, hata mke anaweza kumficha. Chama cha matanga hakifichwi. Jumapili ya kwanza ya Mei Annet alisimama mbele yetu akasema anakaa wapi sasa, na mimi nikaandika kwa mkono wangu kwenye daftari: Annet Khamala, Kawangware, ploti ya Kagiri, mlango wa sita.

Siku kumi baadaye majibu ya maabara yakatoka. Annet alikuwa na virusi hivyo. Alitakiwa aje aangaliwe, na kama kulikuwa na mabadiliko yoyote ya mapema, mahali hapo pangechomwa kwa joto siku hiyo hiyo kwa dakika chache, kisha angekwenda zake kushona.

Utaratibu wetu ulisema hivi: piga simu mara tatu, siku tofauti. Asipopatikana, mtembelee mara moja. Ukimkosa, andika kwamba amepotea. Nilipiga simu mara tatu. Ile sauti ikaniambia mteja hapatikani. Bila shaka hakupatikana, simu ilikuwa imelala mtaroni Laini Saba.

Ningekwenda Kawangware, na hadithi hii ingeishia hapa. Lakini wiki hiyo hiyo Daktari Wangeci aliniita ofisini akanionyesha tangazo la ufadhili. Ulikuwa ufadhili wa kuwalea watafiti chipukizi wa saratani, hasa waliozaliwa katika mitaa inayofanyiwa utafiti. Karo ya shahada ya pili, mafunzo ya miaka miwili, mtaalamu wa kukushika mkono, na fungu la kufanyia utafiti wako mwenyewe. Alisema amechoka kuona mitaa yetu ikiandikwa na watu wanaokuja na chupa ya maji na kuondoka saa nane. Alisema, “Hii ni yako, Valary. Usiichezee.”

Mwombaji alitakiwa aambatishe kazi ndogo aliyoifanya mwenyewe, ikiwa imekamilika. Nikachagua wanawake wanaopotea baada ya kupimwa na kabla ya kutibiwa. Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa Ijumaa. Jumatatu nilikuwa na wanawake kumi na mmoja ambao sikuwa nimewatembelea.

Nilitembea mpaka soli ya kiatu ikaachama. Kufikia Alhamisi jioni nilikuwa nimewafikia saba. Ijumaa asubuhi nilikaa kwenye saiba, kile kibanda cha intaneti, pale Olympic, mvua inanyesha, maombi yangu yamefika nusu, na majina manne yananitazama. Kwa kila jina kulikuwa na kisanduku kimoja: mhusika ametembelewa, hakupatikana. Nikaweka alama kwenye visanduku vyote vinne. Cha Annet nilikiweka cha mwisho.

Sikusahau. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wananionea huruma na kusema nilikuwa na mambo mengi. Daftari la chama lilikuwa ndani ya mkoba wangu, mkoba uko mapajani. Nilijua ploti, nilijua mlango. Nilijiambia nitakwenda Jumapili, kwamba Jumapili nitamweleza, atatibiwa, na kisanduku kile hakitakuwa kimemdhuru mtu. Kisha nikaandika sentensi ambayo baadaye waamuzi waliisifu: kwamba wanawake wa mitaa ya mabanda huhama bila kuacha alama. Mimi, katibu wa chama cha matanga, niliandika hivyo, nikabonyeza kitufe, nikanunua chapati mbili nikala kwa furaha.

Jumapili sikwenda. Ilikuwa siku ya ubatizo kanisani. Jumapili iliyofuata ndipo nilipogundua jambo lililonifunga miguu: nikimpata Annet, basi sikuwa nimemtafuta. Mtu aliyeandikwa amepotea akifika kliniki mwezi ule ule, Daktari Wangeci atauliza amepatikana wapi. Kila siku iliyopita ilifanya kumpata kuwe kugumu zaidi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mimi niliyengoja, tumbo lililoumia halikuwa langu.

Alikuja mikutanoni mara mbili katika miezi ile. Nilijifanya nimezama katika kuandika. Alinisalimia kwa mbali, nikainua kalamu, nikajiambia kwamba jambo kama lile halisemwi mbele ya watu. Alipoondoka mapema kwa sababu ya umbali, nilishukuru Mungu. Ndiyo, nilimshukuru Mungu.

Agosti nikahojiwa na waamuzi watatu kupitia kompyuta. Oktoba barua ikaja. Nimechaguliwa, mafunzo yanaanza Januari. Mama alilia, mchungaji akaitangaza, na chama kikaamua mkutano wa Novemba uwe wa kunipongeza. Mwenyekiti wetu, Mzee Obonyo, alisema sasa tuna daktari wetu, ingawa nilimwambia mara tatu kwamba mimi si daktari. Kuku walichinjwa.

Kisha Annet akaomba kusema neno. Alikuwa amekonda kidogo, lakini mdomo ulikuwa ule ule. Aliwakumbusha watu jinsi nilivyokuwa nikizunguka na vijiti vyangu kama muuza mishikaki asiye na nyama. Watu wakacheka. Akasema yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza, na sasa msichana aliyemfungia pazia anaenda kuwa mtu mkubwa. Halafu akanigeukia.

“Mlisema mkiona shida mtapiga simu,” akasema. “Mimi nikaona kimya, nikajua niko sawa. Hiyo kitu ilinipea raha, Nabwire. Hata saa zile nilianza kuona damu kidogo hapo Agosti, sikujali. Nikasema si ile kitu, ile nilipimwa. Saa hii mimi na Isaac tunatafuta mtoto.”

Watu wakapiga makofi kwa ajili ya mtoto. Nilikuwa nimeshika paja la kuku. Sijui nililiweka wapi.

Nilimfuata nje nikamwambia kuna majibu yake yaliyochelewa, na kesho nitampeleka hospitali mwenyewe. Hilo neno, yaliyochelewa, nilichagua mimi, kana kwamba majibu yana miguu na yalisimama njiani kupiga gumzo. Alinitazama, akauliza kama ni mabaya. Nikasema lazima aangaliwe. Hakuuliza zaidi, na usiku ule Isaac alinipigia simu mara nne. Sikushika.

Kesho yake aliangaliwa, kikakatwa kipande cha nyama kwenda kupimwa. Majibu ya mara hii hayakupotea. Ilikuwa saratani, bado changa, bado haijatoka ilipoanzia. Daktari wa upasuaji alisema ana bahati, atapona, ila kizazi kitatolewa. Isaac alikuwa ameketi karibu nami. Yeye hana mtoto wa damu yake, alipomwoa Annet alimkuta Beth ameshazaliwa. Aliuliza swali moja tu, kama hakuna njia nyingine, na daktari akasema kwa hali ilivyo hakuna.

Nilimvizia yule daktari kwenye varanda. Nilimwuliza kama Mei ingekuwa tofauti. Alifikiri, akasema labda. Labda Mei pangechomwa tu akaenda nyumbani. Labda Mei tayari ilikuwa imeanza na upasuaji ungekuwa ule ule. Hakuna anayeweza kujua. Alidhani ananifariji. Ningependa angesema ndiyo, niwe mkosaji kamili, kuliko kuniachia hiyo labda ninayolala nayo mpaka leo.

Nilikiri kwa Daktari Wangeci kwanza. Si kwa ujasiri. Ni kwa sababu ofisini kuna maneno ya kujifichia: hitilafu ya takwimu, utaratibu haukufuatwa. Nikasema hayo, yeye akangoja. Alipozidi kungoja nikasema kwamba nilijua Annet anakaa wapi na nikaandika hajulikani aliko. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Tulitoka siku hiyo hiyo kuwatafuta wale wengine watatu. Wawili walikuwa hapo hapo Kibera na walitibiwa bila shida, mmoja alikuwa amerudi mashambani na tukampata kupitia chama chao cha matanga. Njiani tukirudi Daktari aliniuliza hicho chama hufanyaje kazi. Nikamweleza yote, daftari, sheria ya kuhama, mlango wa kubisha. Alisema miaka sita amekuwa akiandika kwamba watu hawa hawapatikani.

Aliniamuru niwaandikie wafadhili mwenyewe, bila kupaka rangi. Niliandika usiku kucha, nikatuma, nikakaa nikisubiri kunyang'anywa. Kusema kweli nilitaka kunyang'anywa. Ukishaadhibiwa, unaweza kwenda kulala.

Jibu lilikuja wiki mbili baadaye. Majina manne yaondolewe kwenye kazi yangu, niandike maelezo, na niwe chini ya uangalizi kwa mwaka. Ufadhili ubaki. Waliona kwamba mtu anayekiri mapema ana mengi ya kuwafundisha wenzake, na wakaomba nizungumze kuhusu uaminifu katika utafiti siku ya ufunguzi. Pia waliupenda ule mpango mpya wa kuwatafuta wanawake kupitia vyama vya matanga.

Ndipo nikabaki na mtu mmoja ambaye sikuwa nimemwambia.

Nilikwenda Kawangware mwanzoni mwa Januari, wiki ya tano baada ya upasuaji. Isaac alikuwa kazini, Beth shuleni. Annet alikuwa kitandani akipinda marinda kwa mkono, kwa sababu alikatazwa kukanyaga mashine. Alinikaribisha, akaniambia chai iko kwenye thermosi nijimiminie. Sikujimiminia. Nilibaki nimesimama nikamweleza yote kuanzia saiba ya Olympic, mvua, visanduku, mpaka ile Jumapili niliyoshukuru Mungu kwa kuondoka kwake. Sikutumia neno hitilafu. Sauti ilikuwa ikinikatika, nikaona aibu hata kwa hilo, maana mwenye haki ya kulia hakuwa mimi.

Sindano yake haikusimama mpaka nilipotaja daftari.

“Kwa hivyo uliandika mlango wangu,” akasema. “Mlango wa sita.”

“Niliandika, Mama Beth.”

“Kwa hivyo ningekufa, mngenipata.”

Alirudi kwenye marinda yake, akashona mishono mitatu au minne, akaifumua. Aliniuliza kama hao watu wa masomo wanajua. Nikasema wanajua, niliwaandikia. Akauliza wamenifanya nini. Hapo ndipo nilipotamani kudanganya kuliko siku zote. Nikamwambia wameniacha niendelee, na kwamba wamenipa onyo. Ile habari ya kuzungumza siku ya ufunguzi ilinikwama, lakini nikaitoa pia.

Annet akatikisa kichwa taratibu. “Sawa,” akasema. “Basi wewe umepona.”

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya, ningepiga magoti, ningelia, angenifukuza, ningeondoka. Alisema tu, kama mtu anayesoma vipimo vya kiuno. Kisha akaniambia Isaac asiambiwe na mimi. Atamwambia mwenyewe, siku atakayoona anaweza, na labda asimwambie kabisa, kwa sababu Isaac ameacha kula vizuri na yeye hana nguvu ya kubeba hasira ya mwanaume juu ya kidonda chake. Nikakubali. Ndivyo nilivyompa mzigo mwingine, siri yangu, aitunze pamoja na kidonda.

Nilipofika mlangoni aliniita. Nikadhani atanisamehe. Mtu akishakosa hukosa adabu pia, hutarajia vitu.

“Alhamisi naenda kliniki,” akasema. “Saa kumi na mbili asubuhi, ndio tushike nambari mapema. Isaac hapewi ruhusa. Usipige simu, Nabwire. Kuja.”

Alhamisi ilikuwa siku ya ufunguzi wa mafunzo. Saa tatu nilitakiwa niwe mbele ya watu nikizungumza kuhusu uaminifu, na barua ilisema asiyefika siku hiyo anahesabiwa amejiondoa. Nilisema nitakuja. Sikumwambia kwamba ndiyo siku ya ufunguzi, kwa sababu angeniambia niende kwenye masomo yangu, na mimi ninajijua, ningekwenda.